Uwanja wa Watoto Huanza na Mtu wa Zamu

Hotuba kwa wenyeviti wa mitaa, walimu wa michezo na vikundi vya vijana, Mtwara

Mheshimiwa Diwani, wenyeviti na watendaji wa mitaa, walimu wa michezo, wazee wetu, akina mama, na nyinyi vijana mliojibana huku nyuma karibu na mlango: asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana Yesu asifiwe. Wageni wetu kutoka Lindi, karibuni sana.

Tumeombwa tueleze viwanja vya watoto na vijana wa mijini vilianzaje, na sisi huku kusini tuvijengeje. Tunajua wengi mmekuja mkisubiri mchoro wa bembea. Mchoro upo, na vipimo vyake tutavitaja kimoja kimoja. Ila tunaomba subira kidogo, maana viwanja vingi vinavyokufa hufa vikiwa na bembea nzima kabisa. Kinachokosekana ni mtu.

Tuanze na mchanga. Mwaka 1885 daktari mmoja mwanamke, Marie Zakrzewska, mzaliwa wa Berlin aliyekuwa akitibu watu Boston kule Marekani, alikuwa Berlin kwa matembezi. Kwenye bustani za umma akaona marundo ya mchanga, watoto wa wenye nacho na wa wasio nacho wakichimba pamoja, askari polisi akiwaangalia. Akawaandikia barua akina mama wa chama kimoja cha afya kule Boston. Wale akina mama hawakuunda kamati ya kutafuta mfadhili. Walimwaga mchanga kwenye ua wa kanisa dogo, mtaa wa Parmenter, katika kitongoji cha wahamiaji waliobanana vyumbani. Walifungua siku tatu tu kwa wiki, Julai na Agosti, na watoto waliokuja kwa siku walikuwa kama kumi na tano. Wakichimba, wakiimba, wakirudi kwao.

Angalieni udogo wake: watoto kumi na tano, siku tatu, mchanga, na mama mmoja wa jirani anayetazama. Ilipofika 1887 marundo yalikuwa kumi, na hapo ndipo lilipofanyika jambo kubwa zaidi, kwamba waangalizi wakaanza kulipwa. Kazi ya kujitolea hubeba msimu mmoja, pengine miwili. Msimu wa tatu yule mama ana shamba, ana mgonjwa, ana biashara ya maandazi. Boston waliliona hilo mapema, na kabla karne haijaisha fedha za jiji lenyewe zilikuwa zimeanza kuingia.

Bustani zenye sehemu za michezo zilikuwapo kabla ya hapo. Za Manchester na Salford, miji ya viwanda vya pamba kule Uingereza, zilifunguliwa mwaka 1846, na bembea zilikuwamo. Hatuwanyimi sifa yao. Lakini safari ya kutoka rundo la mchanga hadi idara kamili ya mji inasomeka vizuri zaidi Marekani, na makosa yake yanasomeka pia.

Miaka minne baada ya ule mchanga, mwaka 1889, Boston ilifungua uwanja wa mazoezi wa wazi kando ya mto, ukiitwa Charlesbank, kazi ya mbunifu Frederick Law Olmsted. Ulikuwa wa wanaume na wavulana. Mwaka 1891 ndipo ikafunguliwa sehemu ya wanawake na watoto, ikiwa na wasimamizi wanawake. Miaka miwili ilipita kabla mtu hajakumbuka kwamba wasichana nao wana miguu. Huku kwetu tuna viwanja vyenye miaka zaidi ya thelathini ambavyo msichana hupita pembeni yake tu, akiwa na ndoo kichwani.

Mwaka huohuo wa 1891, mwezi Desemba, mwalimu James Naismith alitunga mchezo wa kikapu kule Springfield. Mkuu wake, Luther Gulick, ndiye aliyemwagiza atafute mchezo wa ndani kwa ajili ya vijana waliochoka na mazoezi ya viungo wakati wa baridi. Mpira wa wavu ulifuata 1895, kazi ya William Morgan, mjini Holyoke. Tunamtaja Gulick kwa sababu mwaka 1906, kilipoundwa chama cha kitaifa cha viwanja vya watoto kule Washington, yeye ndiye aliyekuwa rais wake wa kwanza. Waliotunga michezo na waliopigania ardhi walikuwa watu walewale. Siku hizi tumewatenganisha: mwalimu wa michezo haonekani kwenye kikao cha mipango miji, na afisa mipango miji hajui uwanja wa netiboli una urefu gani. Una mita 30.5 kwa 15.25, kwa faida ya waliopo.

New York walikuwa na shida tunayoijua sisi. Nyumba zilijaa mpaka ukingoni, watoto wakacheza barabarani, na polisi wakawakamata kwa kucheza mpira barabarani. Watu kama Jacob Riis, mwandishi wa habari, Lillian Wald, muuguzi, na Charles Stover walidai ardhi. Mwaka 1895 ikatoka sheria kwamba hakuna shule mpya itakayojengwa mjini humo bila uwanja wa kuchezea. Mwaka 1898 wakaunda umoja wao wa michezo ya nje. Palipobomolewa nyumba mbovu ili patengenezwe bustani ya Seward, umoja huo haukusubiri jiji limalize. Uliweka vifaa vyake kwenye eneo tupu, watoto wakaanza kuja, na jiji likashindwa kurudi nyuma. Uwanja rasmi ulifunguliwa Oktoba 1903 ukiwa na uzio, vifaa vya mazoezi, mabafu, vyumba vya mikutano, na viti vya kuyumba barazani kwa ajili ya akina mama. Tunavipenda sana vile viti. Mama akipata pa kukaa, mwanawe anacheza saa mbili. Asipopata, dakika kumi nyingi, keshamshika mkono wanaondoka.

Chicago ikaenda mbali zaidi. Mwaka 1903 upande wa kusini wa jiji uliidhinisha mkopo wa dola milioni 5, na mwaka 1905 bustani mpya kumi zikaanza kufunguliwa, kila moja na jumba lake lenye ukumbi, sehemu ya mazoezi, mabafu na hata maktaba. Mbegu ilikuwa imepandwa miaka kumi nyuma, kwenye uwanja wa Hull House, nyumba ya Jane Addams na mwenzake Ellen Gates Starr iliyokaa katikati ya maskini tangu 1889.

Sasa upande wa pili wa sarafu. Bustani zile nzuri hazikuwa za kila mtu. Tarehe 27 Julai 1919, kijana mweusi wa miaka 17, Eugene Williams, aliuawa kwenye ufukwe wa Chicago baada ya kuelea kwenye maji yaliyohesabiwa kuwa ya wazungu, akitupiwa mawe. Ghasia zikafuata, watu wakafa. Eneo la kuchezea linaweza kugeuzwa ukuta. Na tusidhani ni mambo ya ng'ambo: Mnazi Mmoja ya Dar es Salaam, uwanja tunaoupenda wote, wakoloni waliuacha wazi kama mpaka wa kuwatenga Waafrika wa Kariakoo na watu wa upande wa mjini. Nafasi ileile iliyotengwa kwa nia mbaya imekuja kuwa ya watu wote. Kwa hiyo swali la nani anakaribishwa, na saa ngapi, huamuliwa na wanaousimamia uwanja, na huamuliwa upya kila msimu.

Tufike nyumbani. Mtwara mjini tuna bahati ambayo Lindi hawana. Mji huu ulipangwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mradi wa karanga, bandari yake na reli ya kwenda Nachingwea. Mradi ukafa 1951, reli ikang'olewa baadaye, lakini upana wa barabara na nafasi za wazi vilibaki. Lindi imebanwa kati ya vilima na bahari. Kipande kilichobaki wazi ni cha kuhesabu. Tuna Nangwanda Sijaona hapa, wana Ilulu kule. Hivyo ni viwanja vya mashindano. Mtoto wa miaka sita wa Magomeni au Rahaleo havimhusu, ila siku akipanda ukutani kuchungulia mechi.

Mwaka 1925 Waingereza walianzisha chama cha kulinda viwanja vya michezo, na kipimo chao kikawa ekari sita kwa kila watu 1,000, yaani hekta 2.4, zaidi kidogo ya viwanja vitatu vya mpira. Hatutakipata kipimo hicho katika mitaa iliyokwishajengwa, na tusipoteze muda kukiota. Amsterdam haikukipata pia. Kuanzia 1947 mbunifu Aldo van Eyck alitengeneza viwanja zaidi ya mia saba kwenye vipande vilivyosahaulika: kona, pengo la nyumba iliyobomoka, upana wa barabara uliozidi. Shimo la mchanga, nondo chache za kuning'inia, mawe ya kurukia, benchi. Ukiwa na kipande cha mita 15 kwa 15, unacho cha kuanzia.

Kabla ya koleo la kwanza, nendeni ofisi ya mipango miji ya Manispaa mkaulize kipande hicho kwenye ramani kimeandikwa nini. Kama kimeandikwa eneo la wazi, ombeni maandishi, pimeni, wekeni vigingi vya zege kwenye pembe, na mwenyekiti asome mipaka hadharani kwenye mkutano wa mtaa, muhtasari uandikwe. Kubadili matumizi kunahitaji utaratibu chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007. Kwa hiyo mkiwa na muhtasari na vigingi, anayekuja usiku na tofali atakuwa na kazi. Eneo huliwa polepole. Huanza kibanda cha vocha, kikafuata cha chipsi, ikafuata gereji, na mwaka wa nne mtu anatoa hati. Ua wa michongoma au matairi yaliyozikwa nusu, unaowekwa wiki ya kwanza, unafaa kuliko barua ya malalamiko ya mwaka wa nne.

Sasa vipimo. Vijana, andikeni.

Shimo la mchanga: mita 4 kwa 4, kina sentimita 40. Hiyo ni mita za ujazo 6.4. Chini weka sentimita 10 zaidi za kokoto, maji yapite, maana mvua zetu za kuanzia Desemba hadi Aprili hazina mzaha, na mchanga uliotuama maji hunuka ndani ya wiki. Ardhi yetu nyingi ya pwani ina mawe ya matumbawe karibu na juu. Ukigonga jiwe, usilazimishe kuchimba; jenga kingo za kuinua juu. Mchanga uwe wa mtoni, uliochekechwa. Mchanga wa ufukweni msichote: una chumvi inayokula chuma, una vipande vya makombe, na kuuchota kunaubomoa ufukwe wetu wenyewe. Usiku ufunikwe kwa wavu au turubai, kwa sababu paka na mbuzi wakishaujua, minyoo nayo imefika. Asubuhi mlezi wa uwanja apitishe reki, akitafuta vipande vya chupa na misumari.

Bembea: hapa ndipo fedha nyingi hupotea, basi twende taratibu. Fremu ya mabomba ya galvanaizi, yaani chuma kilichopakwa zinki kuzuia kutu, ya inchi 2, juu mita 2.4, bomba la mlalo mita 3. Viti viwili tu. Hesabu yake ni hii: kutoka mguu wa fremu hadi kiti sentimita 75, kiti 45, katikati ya viti 60, kiti kingine 45, kisha 75 hadi mguu wa pili. Jumla mita 3 kamili. Fundi atakuambia kiti cha tatu kinaingia. Kinaingia, na kitampiga aliye katikati. Kiti kiwe kipande cha tairi au mpira mzito. Ubao na chuma huvunja meno ya anayepita mbele. Kutoka ardhini hadi kiti acha kama sentimita 40.

Mashimo manne ya miguu, sentimita 40 kwa 40, kina 60. Zege la moja kwa mbili kwa nne, yaani saruji, mchanga na kokoto. Mifuko mitatu ya saruji inatosha na itabaki kidogo. Juu ya zege pafunikwe na mchanga, mtoto asiangukie zege, na papewe mteremko ili maji yasisimame penye bomba. Bomba hapa pwani huoza palepale linapoingia kwenye zege, na hulioni linavyooza mpaka siku fremu inalala. Kila baada ya miezi mitatu fukueni pale, mgonge kwa nyundo. Sehemu za kuchomelea nazo zina balaa lake: moto unaondoa ile galvanaizi, kwa hiyo kutu huanzia kwenye maungio. Fundi asugue kwa brashi ya waya na kupaka rangi ya msingi yenye zinki kabla ya rangi ya juu. Na achomelee sehemu ya wazi, moshi wa galvanaizi unamdhuru.

Halafu kuna hesabu inayowashangaza wengi. Mtoto anayeruka kutoka kwenye bembea anahitaji nafasi mbele na nyuma mara mbili ya kimo cha bomba la juu kutoka ardhini, yaani mita 4.8 kila upande, na mita 1.8 pembeni. Eneo hilo ni mita 9.6 kwa 6.6. Mchanga wa kuangukia, sentimita 30, unafika mita za ujazo 19. Bembea moja ya viti viwili inakula mchanga mara tatu ya shimo la mchanga lenyewe. Mtu akiwaletea bembea ya msaada bila mchanga, amewaletea nusu ya bembea, na nusu iliyobaki ndiyo inayovunja mikono ya watoto.

Popote penye ngazi, vyuma au mbao zenye nafasi katikati, nafasi iwe chini ya sentimita 9 au zaidi ya 23. Katikati ya hapo, mwili wa mtoto hupita na kichwa hubaki. Bembea ya kuteleza ya bati ielekee kusini na ikae kwenye kivuli. Zaidi ya nusu ya mwaka jua letu hupita kaskazini, na bati la saa nane mchana huunguza mapaja. Kivuli kiwe cha mwarobaini, mkungu au mwembe. Chini ya mnazi usiweke kitu chochote. Chini ya mkorosho, msimu wa korosho, fagieni kila siku: mafuta ya ganda huunguza ngozi, na watoto huziweka mdomoni.

Matairi ni mali nzuri ya bure, lakini kila tairi litobolewe mashimo manne upande wa chini. Tairi lenye maji ni nyumba ya mbu wa dengue.

Kwa vijana wakubwa, uwanja wa wavu ni mita 18 kwa 9, wa kikapu 28 kwa 15, ringi mita 3.05. Uwanja wa chandimu upangwe magoli kaskazini na kusini. Mkiyaweka mashariki na magharibi, kipa mmoja atakuwa anatazama jua la saa kumi na moja kila jioni. Goli la kubebeka lisimame bila kufungwa hata dakika moja? Hapana. Watoto hulining'inia, linaanguka kwa mbele, na bomba la juu linampata mtoto kichwani. Lichimbiwe au lifungwe kwa vigingi, na mechi ikiisha lilazwe.

Ratiba. Watoto wengi wakitoka shule wanakwenda madrasa, kwa hiyo kufungua saa nane ni kujifurahisha. Saa kumi hadi saa kumi na mbili, siku tatu kwa wiki kwa kuanzia, na Jumamosi asubuhi. Mwezi wa Ramadhani jaribuni asubuhi za Jumamosi na Jumapili pekee. Siku moja katika hizo uwanja mkubwa uwe wa wasichana, kwa rede, netiboli au mpira wa miguu, wachague wao, na wavulana wasubiri zamu yao. Bila choo chenye mlango unaofungwa kwa ndani, wasichana wa miaka kumi na mbili hawatarudi wiki ya pili, na kamati itasema hawapendi michezo.

Walezi wawe wawili kila zamu, mmoja mwanamke, na asiwepo mtu mzima anayebaki peke yake na mtoto. Wachaguliwe kwenye mkutano wa mtaa, mbele ya wanaowafahamu. Kazi zao ni kukagua kabla ya kufungua, kuwatenganisha wadogo na wakubwa, kuanzisha mchezo pale watoto wanapozubaa, na kuandika daftari: tarehe, idadi ya wavulana, idadi ya wasichana, aliyeumia na ameumia kwenye nini. Daftari hilo ndilo mtakaloingia nalo kwenye vikao vya bajeti vya kata. Ombi la posho ya mlezi likiwa na kurasa za miezi sita nyuma yake, diwani ana cha kukishika akisimama kwenye baraza.

Mlezi asiwe mnyapara. Kule Copenhagen mwaka 1943, mbunifu Sørensen aliona watoto wanapenda zaidi maeneo ya ujenzi kuliko viwanja vyake vilivyopambwa, akawapa eneo la Emdrup lenye mbao, mabaki na nyundo, pamoja na mtu wa kuwaongoza. Watoto wetu wa pwani hutengeneza magari ya makopo na mipira ya makaratasi tangu hapo. Wapeni mbao zilizong'olewa misumari, kamba, maboksi, waachieni.

Mkitaka kuanza mwezi huu, anzeni hivi: vigingi vinne, shimo la mchanga, benchi mbili chini ya mwarobaini, ndoo ya maji yenye koki, sanduku la huduma ya kwanza, daftari, walezi wawili. Bembea zisubiri mpaka daftari lionyeshe miezi mitatu bila siku iliyorukwa. Mtaa utakaofika hapo uje, mchoro wa fremu tutaukabidhi pamoja na orodha ya vifaa, na fundi wa kuchomelea aje naye, kwa sababu yale ya zinki anatakiwa ayasikie kwa masikio yake.

Mheshimiwa mwenyekiti, maswali sasa. Tungependa aanze mmoja wa wale mabinti wa kule nyuma.